Sili nyama wala samaki, na mjomba wa mchumba wangu anatualika hotelini

SWALI LA MSOMAJI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Masasi, na kwa sasa ninafanya kazi katika ofisi moja hapa Mtwara mjini. Ni miaka kadhaa sasa tangu nilipoacha kula nyama, kuku, samaki na viumbe vyote vya baharini. Mayai na maziwa ninatumia. Sikuacha kwa sababu ya dini wala maradhi. Moyo wangu ulikataa tu mnyama achinjwe kwa ajili yangu ilhali ninavyo vyakula vingine vya kunishibisha, na tangu hapo sijawahi kutamani kurudi. Nyumbani kwangu sina shida yoyote. Ninapika mbaazi za nazi, kisamvu, matembele, kunde na bamia, na mama akija kunitembelea huniletea ming'oko na njugu mawe, tukakaa tukala tukashiba.

Shida yangu huanza pale ninapolazimika kula nje. Karibu na ofisi yetu yupo mama lishe ambaye nimekuwa mteja wake wa wali maharage tangu nilipohamia hapa. Ni mama mkarimu, huniita mwanangu, na akiniona tu hunipakulia bila kuniuliza ninataka nini. Hivi karibuni nilifika kabla ya wateja wengine, nikamkuta anachota supu ya ng'ombe kutoka sufuria nyingine na kuimimina kwenye maharage, na alipoona ninamtazama akaniambia kwa furaha kwamba hapo ndipo utamu wa maharage yake unapotoka. Sikuweza kusema neno. Nililipa, nikaiacha sahani mezani, na tangu siku hiyo ninapita njia ya nyuma ili tusionane. Mchana ninakula ndizi na karanga ofisini, wala sijui kama nina haki ya kumlaumu.

Pili ni wenzangu wa kazini. Kila mwisho wa mwezi tunachanga pesa na kwenda kula pamoja katika mgahawa mmoja upande wa Shangani, karibu na bahari. Huagizwa samaki wa kuchoma, pweza, mishikaki na ugali, vyote vikawekwa katikati. Nikimwambia mhudumu kwamba sili nyama, hunijibu kwamba kuku wapo. Nikisema hata kuku sili, hunihakikishia kwamba samaki ni wa leo leo. Mwishowe ninaletewa chipsi na kachumbari, na chipsi zenyewe zimekaangwa katika mafuta yaliyokaangia samaki. Mchango ninaotoa ni sawa na wa anayekula samaki mzima. Nimesikia pia wakisema kwamba ninajidai, na kwamba hayo ni mambo ya kuiga. Mwenzangu mmoja ananishauri niseme tu kwamba daktari amenikataza, maneno yaishe.

Haya yote ningeweza kuyavumilia, lakini sasa limekuja kubwa zaidi. Mchumba wangu ni mtu wa Lindi, na kama unavyojua, kwa watu wetu wa kusini mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba wake ameomba anione kabla ya mambo ya posa kwenda mbele, na ametualika kwenye hoteli moja ya chakula kule Lindi inayosifiwa kwa pilau ya mbuzi na samaki wa kupaka. Watakuwepo wazee wengine pia. Mchumba wangu anajua msimamo wangu na hajawahi kunicheka hata siku moja, lakini safari hii ameniomba nile siku moja tu, kwa heshima ya mzee, kwa sababu anaogopa itaonekana nimeidharau meza yake. Mama yangu naye anasema chakula cha ukweni hakikataliwi.

Shangazi, sitaki kuanza safari ya ndoa kwa kumvunjia mzee heshima. Sitaki pia kukaa mbele yake nikitafuna kitu ambacho moyo wangu umekikataa, kisha nitabasamu. Je, nile siku hiyo? Au niseme mapema, na kama ni kusema, nimwambie nani na kwa maneno gani? Naomba unishauri bila kunihukumu.

Msomaji wako, Mtwara.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa kuniandikia kwa uwazi. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimeona mtu anayejali watu anaokula nao kuliko anavyojali sahani yake mwenyewe. Ungekuwa hujali, ungekwisha kumwambia kila mtu akae na nyama yake, nawe ukae na yako mboga, na usingehangaika kuandika.

Umenieleza meza tatu. Kwa mama lishe, chakula kilikuwa na kitu kilichojificha ndani yake. Kwa wenzako wa kazini, shida iko katika jinsi chakula kinavyoagizwa na kulipiwa. Kwa mjomba, chakula kimebeba heshima, na ndiyo maana meza hiyo imekulemea. Nahisi uzito wa meza ya tatu umeanza kuzigeuza zile mbili nyingine zionekane kubwa kuliko zilivyo, na ndiyo sababu ninapenda tuzitazame moja moja.

Kwanza niruhusu niliguse wazo moja ambalo hukulisema waziwazi lakini limepita katika barua yako yote, kwamba hoteli zetu hazina chakula chako. Mtwara na Lindi ni mikoa ya mbaazi, muhogo, ufuta, korosho, nazi, kunde na choroko. Wakulima wetu wanaukumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua kutoka nje na bei ikaporomoka, na watu wakabaki na magunia wasijue pa kuyapeleka. Hata hivyo ukiingia katika migahawa yetu mchana, mbaazi hizo huzioni kwa urahisi. Zimeliwa asubuhi na maandazi, kisha zimepisha nyama na samaki. Mimi ninaamini sababu yake ni kwamba mtu anapotoka kwenda kula kwa pesa hutaka kile asichokipata nyumbani kila siku, na mwenye mgahawa huona haya kumuuzia mgeni kisamvu ambacho mgeni huyo amekiacha kwake jikoni. Kwa hiyo majani na maharage huwekwa pembeni mwa sahani kama nyongeza ya kitoweo. Unachoomba wewe ni kwamba kilichoko pembeni kije katikati. Ombi hilo linahitaji maelezo, lakini jikoni vitu hivyo vipo tayari.

Maelezo yenyewe ni afadhali yamfikie mpishi kuliko mhudumu. Mhudumu anayekujibu kwamba kuku wapo hakudharau. Amesikia mtu asiyependa nyama ya ng'ombe, naye anajitahidi kumtafutia mbadala. Badala ya kumwambia usichokula, mtajie unachotaka: ugali au wali, maharage, mchicha au matembele, kachumbari na parachichi likiwepo, na umwambie kwamba utalipa kwa kiasi cha mboga utakachoongezewa. Wengi wao wataelewa mara moja. Kisha uliza sufuria. Wali wa nazi mara nyingi hauna nyama ndani yake, lakini pilau hata ukiondoa vipande vyote, mchele wake umeivia katika supu ya nyama hiyo hiyo. Kisamvu wakati mwingine hutiwa dagaa au kamba wakavu. Maharage huweza kuongezwa supu, kama ulivyojionea, au unga wa mchuzi wenye ladha ya kuku. Sambusa nyingi ni za nyama, ila kachori ni za viazi, na bagia ni za dengu au kunde. Asubuhi una chapati, vitumbua na mbaazi. Na mwezi wa Ramadhani, jioni yake, mji mzima unauza mihogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi za nazi, na ninadhani huo ni wakati ambao mtu wa msimamo wako hula nje kwa raha kuliko mwingine wowote.

Sasa mama lishe. Umeniuliza kama una haki ya kumlaumu, nami nakurudishia swali kwa upole: je, aliwahi kujua? Katika barua yako sioni mahali ulipomwambia kwamba huli nyama. Alikuona mteja wa maharage, pengine akadhani ni suala la mfuko, naye akakutilia supu inayomgharimu pesa ili mlo wako uwe na ladha. Kwa macho yake alikuwa anakupendelea. Na sasa anaona mwanawe hapiti tena, wala hajui kosa lake ni lipi. Ukipenda kurudi kwake, usiende saa saba mchana wakati watu wamesimama na sahani mkononi, kwa sababu hataweza kukusikiliza na wateja wengine watadhani unamkosoa mapishi. Nenda jioni anapoosha vyombo. Mwambie kwamba huli nyama wala mchuzi wake, na umwombe akuchotee maharage yako kabla hajatia supu. Kwake ni kazi ya kibakuli kimoja. Ipo hatari kwamba atakubali kwa mdomo na kusahau siku ya shughuli nyingi, au atatumia upawa uleule uliotoka kwenye nyama. Hapo ndipo utakapohitaji kujua mpaka wako uko wapi. Upawa ulioguswa na mchuzi unaweza kuuvumilia? Mafuta yaliyokaangia samaki je? Watu wasiokula nyama hawafanani katika hili. Wapo wanaotosheka kwamba hakuna mnyama aliyechinjwa kwa ajili ya sahani yao, na wapo ambao hata harufu huwashinda. Mimi siwezi kukuwekea mpaka huo, ila ninakushauri uuweke ukiwa nyumbani umetulia, kwa sababu mtu anayeamua akiwa mezani huamua kwa haya au kwa hasira.

Kuhusu wenzako wa kazini sitakaa sana. Neno kwamba unajidai linauma, lakini huenda linatoka kwa watu wasiojua wakukaribishe na nini. Watu wa huku wanaelewa sana mtu kuwa na kitu asichokula. Kuna miiko ya koo, kuna makatazo ya dini, kuna anayevimba mwili akionja kamba, kuna Wasabato wasiogusa nyama kabisa. Na wewe umetoka Masasi, hivyo unajua kwamba wapo wanaomfurahia samaki nchanga, yaani panya wa porini, na wapo wasioweza hata kumtazama, na wote hukaa baraza moja. Hoja kwamba umeiga mambo ya kigeni haina nguvu mbele ya mtu anayekula ming'oko ya mama yake. Jaribu safari ijayo kujitolea wewe kuupigia mgahawa simu asubuhi kwa niaba ya kundi, uagize vya wote na vyako pamoja. Kuhusu mchango, mwone faraghani yule anayekusanya pesa. Kulipa pungufu kunaweza kuleta minong'ono, na kulipa sawa kutaendelea kukukera, kwa hiyo labda njia ya katikati ni kutoa mchango ule ule lakini bakuli la mbaazi na chapati viingizwe katika oda ya kundi, ambavyo nina hakika havitaliwa na wewe peke yako.

Ushauri wa kusema kwamba daktari amekukataza ninauogopa kuliko yote uliyoniandikia. Naelewa kwa nini unavutia, maana ugonjwa haubishiwi. Lakini kutoka Mtwara hadi Lindi ni takribani kilomita 100 tu, na habari za bibi harusi mtarajiwa husafiri haraka kuliko basi. Wazee wakisikia kwamba una maradhi yasiyotajwa jina, wataanza kuuliza maswali mazito kuliko swali la nyama. Na wenye huruma watakuletea dawa, na huku kwetu dawa ya kwanza ya mgonjwa ni supu.

Kwa kuwa nimeitaja afya, niseme neno moja na kupita. Kwa anayekula maharage, mbaazi, karanga, mayai na maziwa, mwili unaweza kupata mahitaji yake vizuri. Viangalie viwili: vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vya wanyama yakiwemo mayai na maziwa, na madini ya chuma, ambayo mwili huyapokea vizuri zaidi kutoka kwenye majani na mikunde ukila pamoja na ndimu, chungwa au embe, na hupokea kidogo ukinywa chai papo hapo na chakula. Mkianza kufikiria watoto, zungumza na watu wa kliniki mapema kuhusu unavyokula.

Tuje kwa mjomba. Mchumba wako anaogopa mzee atakasirika. Mama yako ana hakika chakula cha ukweni hakikataliwi. Wewe unaogopa kumvunjia heshima. Katika hofu hizi zote sijaona mtu aliyemuuliza mjomba mwenyewe. Inawezekana kabisa ni mzee mkali. Inawezekana pia kwamba ana rafiki au jirani asiyekula nyama, na kwamba kinachomsumbua hivi sasa ni kama wewe utajisikia nyumbani mezani kwake. Sisi tunaomwogopa mtu kabla ya kumjua humtungia majibu ambayo hajayatoa.

Mama yako anasema kweli kwamba kukataa chakula cha mwenyeji kunauma. Lakini tuangalie kinachouma hasa ni nini. Mzee amelipia mbuzi, amekaa na wazee wenzake, sinia limewekwa, na mgeni wa heshima anarudisha mkono nyuma mbele ya wote: hapo aibu ni ya mwenyeji, kwa sababu ataonekana hakumjua mgeni wake. Mzee huyo huyo akijua siku kadhaa kabla, akamwambia mpishi aweke kisamvu cha nazi kisicho na dagaa, wali wa nazi na maharage yasiyo na supu, basi siku ya karamu ni yeye atakayesema, kwa fahari ya mwenyeji, kwamba hiki nimekuagizia wewe. Ninakiri kwamba kusema mapema kuna hatari zake. Anaweza kuona kwamba unaweka masharti kabla hujafika, na mzee mwingine akisikia atasema huyu binti ataongoza nyumba. Ndiyo maana atakayepeleka neno ni muhimu kuliko neno lenyewe. Wewe usimpigie simu. Mchumba wako naye huenda si mtu wa kwanza, kwa kuwa kijana kumwambia mjomba wake nini kiwekwe mezani kunaweza kuonekana utovu wa adabu. Lakini mama yake mchumba wako ni dada wa mzee huyo. Dada akizungumza na kaka yake kuhusu mkwe mtarajiwa, mazungumzo hayo huwa na upole ambao sisi wengine hatuna. Kama mna uhusiano mzuri naye, mchumba wako amwombe afikishe neno, kwa mfano hivi: "Kaka, binti anafurahi sana kuja kukuona. Nimeambiwa hali nyama wala samaki tangu zamani, wali wa nazi na mboga za majani ndivyo chakula chake. Anaomba mbuzi wako aliwe na wote kama ulivyopanga, usibadilishe kitu kwa ajili yake." Sentensi ya mwisho isisahaulike. Bila hiyo, mzee anaweza kudhani anatakiwa kufuta karamu yake.

Hata hivyo sitaki uone kwamba ninaidharau njia aliyoipendekeza mchumba wako. Wapo watu waadilifu, wenye msimamo kama wako, ambao wakiwa mbele ya mzee hula tonge mbili kwa sababu kwao heshima ya mwenyeji inatangulia, na sioni unafiki katika hilo. Unamjua moyo wako kuliko mimi. Ila yapime mawili kabla ya kuamua hivyo. La kwanza, siku moja hiyo haitakaa peke yake. Baada yake kutakuwa na posa, kuna Idi au Krismasi, kuna hitima na arusi za ndugu, na siku utakapoamua kusema, mjomba atauliza kwa haki kabisa kwa nini kwake ulikula. La pili, umeandika kwamba hutaki kutafuna na kutabasamu. Jiulize uso wako utasema nini mezani, maana wazee wanamtazama sana mgeni anapokula, na uso unaojilazimisha unaweza kumuumiza mwenyeji kuliko sahani iliyosogezwa pembeni kwa maelezo mazuri. Upande mwingine, ukishikilia msimamo wako na mzee akakwazika, atakayebeba lawama kwa muda mrefu ni mchumba wako, kwa kuwa yeye ndiye wa nyumba hiyo. Hofu yake inastahili kusikilizwa hata kama hutaifuata.

Ipo na njia ya tatu, ambayo ninadhani umekwisha kuiwaza: kukaa kimya, ule wali na kachumbari ukitumaini hakuna atakayeona. Mezani pa watu watano wa ofisini inawezekana. Kwenye sinia la ukweni ni vigumu sana, kwa sababu mwenyeji mwema humsogezea mgeni kipande kinono kwa mkono wake mwenyewe, na hapo utalazimika kukataa katika saa mbaya kuliko zote. Na kumbuka kwamba pale wali wenyewe ni pilau.

Ukiamua kusema, msiishie kwenye kuomba. Mkimaliza karamu ya Lindi, mwalike mjomba na mke wake waje Mtwara wale mbaazi na kisamvu chako. Hapo atajua kwamba meza yako ina ukarimu kama ya kwake, na kwamba kutokula nyama kwako hakukuwa kukataa watu.

Nimelibakiza moja la kwenu wawili. Mchumba wako hajawahi kukucheka, na hilo ni jema. Lakini kumvumilia mtu na kusimama naye ni mambo tofauti, na ombi lake la siku moja tu limegusa hapo. Muulize kwa utulivu, msiwe njiani wala msiwe na haraka: anaogopa hasira ya mjomba, au na yeye moyoni anatumaini kwamba ndoa itakubadilisha? Muulize pia akiwa na wewe hotelini miaka mitano ijayo, na wageni wake wameagiza, nani atamwambia mhudumu kuhusu sahani yako, wewe au yeye? Nyumbani, nyama yake atapika nani? Usimuulize kama hakimu. Mwache ajibu polepole, na kama jibu lake la kwanza halikuridhishi, mpe siku chache afikiri. Majibu yake yatakusaidia kuamua kuhusu Lindi kuliko jibu lolote ambalo ningeweza kukupa mimi, kwa sababu ukijua yuko upande wako, hata kula siku ile kutakuwa jambo mlilopanga wote, na kutokula vilevile.

Ukishazungumza naye, na ukishaonana na yule mama lishe, niandikie tena. Ningependa kujua mjomba alisemaje.

Shangazi.